Kwenda gamescom ukiwa shabiki tu: viza, foleni na maneno ya kusema bandani

Desemba 2023 waandaaji wa E3, maonyesho makubwa ya magemu, walitangaza kwamba maonyesho hayo ya Los Angeles yamekwisha na hayatarudi. Tangu hapo, shabiki wa magemu anayetaka kukuta kampuni nyingi kubwa mahali pamoja huelekezwa Köln, Ujerumani. gamescom, ambayo wenyewe huiandika kwa herufi ndogo, hufanyika kila Agosti kwenye viwanja vya Koelnmesse, ng'ambo ya mto Rhine ukitokea katikati ya mji. Iko hapo tangu 2009. Mwaka 2025 ilipokea watu zaidi ya 350,000, na wengi wao hawakuwa waandishi wala wafanyabiashara. Walikuwa wachezaji wa kawaida.

Aliyezoea Sabasaba asidhani huku nako unazunguka tu, unaonja hapa unachungulia pale, na jioni umemaliza uwanja. Banda moja la gamescom linaweza kukumeza nusu siku. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika nyumbani, kabla hujapanda ndege au treni.

Siku ipi, tiketi ipi

Maonyesho huanza Jumatano na kuisha Jumapili. Mwaka 2026 tarehe zilizotangazwa ni 26 hadi 30 Agosti. Jumanne jioni kuna Opening Night Live, onyesho la jukwaani la kutangaza magemu mapya, nalo lina tiketi yake ya peke yake. Kama lengo lako ni kuona trela tu, usilipie: linarushwa bure mtandaoni, na ukiwa nyumbani utaliona vizuri kuliko aliyekaa kiti cha nyuma.

Jumatano ni siku ya watu wa sekta na waandishi, na tiketi za umma siku hiyo huwa chache. Ukiipata, ishike. Alhamisi ndiyo siku nzuri kwa shabiki: tiketi ni nafuu kuliko za Jumamosi, watu bado hawajafurika, na wahudumu wa mabanda bado wana sauti. Jumamosi ni ghali zaidi, huisha mapema zaidi, na ndiyo siku utakayocheza vitu vichache zaidi. Anayekwenda siku moja tu achague Alhamisi. Mwenye siku mbili aongeze Ijumaa, au Jumapili kama anapenda kununua vitu.

Tiketi huuzwa mtandaoni tu, hakuna dirisha la kuuzia mlangoni. Anayekuuzia kwenye mitandao ya kijamii anaweza kuwatumia watu watano msimbo uleule. Wa kwanza kuuonyesha kwenye mashine ndiye anayeingia, wanne wanabaki nje na risiti za simu. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu tiketi hiyohiyo utaiambatanisha kwenye maombi ya viza.

Viza kwa wanaotoka nyumbani

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya muda mfupi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa maonyesho ya mwisho wa Agosti, dirisha hilo hufunguka mwisho wa Februari. Sheria inasema usichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka, lakini anayengoja hadi Julai atakuta nafasi za miadi zimechukuliwa na watu wa likizo. Machi au Aprili ndio wakati wake.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Bima ya safari igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45.

Wengi hujikwaa kwenye sababu ya safari. Wewe ni mgeni binafsi unayekwenda kwenye maonyesho, basi andika hivyo. Usijiite mfanyabiashara ukidhani inasikika vizuri zaidi, maana utaulizwa barua ya mwaliko kutoka kampuni ya Ujerumani na huna. Tiketi, hoteli ya tarehe zinazolingana, taarifa ya benki, na barua ya mwajiri au chuo inayosema utarudi lini, hivyo ndivyo vinavyobeba maombi. Pesa nyingi iliyoingia kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi huzua maswali. Salio dogo lenye mwendo wa kueleweka miezi mitatu ni afadhali.

Weka hoteli inayoweza kughairiwa bila gharama, na nafasi ya ndege ambayo hujailipia yote. Anayelipa nauli isiyorudishwa kabla ya viza anacheza bahati nasibu. Na tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni kwa mfumo mpya, kwa hiyo ukiunganisha ndege jiachie muda zaidi kwenye uwanja wa kwanza wa Ulaya.

Kulala na kufika

Wiki ya gamescom hoteli za Köln hupanda bei kiasi cha kukera. Tafuta Bonn, Siegburg, Leverkusen au Düsseldorf, miji ambayo treni yake hadi Köln huchukua nusu saa au pungufu. Cha kuangalia kwanza ni umbali wa kitanda hadi stesheni. Chumba cha bei poa kilicho dakika 40 za basi kutoka treni ya karibu kitakuchosha siku ya pili.

Stesheni ya maonyesho inaitwa Köln Messe/Deutz. Ukitua uwanja wa ndege wa Köln/Bonn, treni ya S19 inakufikisha hapo kwa takriban robo saa. Ukitua Frankfurt, treni ya kasi ya ICE hutumia kama saa moja, na baadhi husimama Deutz kwenye majukwaa ya chini, namba 11 na 12. Nyingine husimama stesheni kuu ya Köln. Ukishuka huko usihangaike, ni kituo kimoja tu, au tembea kwa miguu juu ya daraja la Hohenzollern, robo saa hivi. Asubuhi ya Jumamosi kutembea kuna haraka kuliko kugombea mlango wa treni.

Anayekaa siku kadhaa afikirie Deutschlandticket, inayokubalika kwenye treni za mikoa, tramu na mabasi nchi nzima. Tangu Januari 2026 bei yake ni yuro 63 kwa mwezi. Kuna mambo mawili. Haifai kwenye ICE, na ukikutwa nayo humo unahesabiwa kuwa huna tiketi. Pili, inajirudia kila mwezi yenyewe: usipoifuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena, hata kama umesharudi Mwanza.

Mlangoni: mkanda kabla ya foleni

Ujerumani ina chombo cha kupanga magemu kwa umri, USK, na gamescom hufuata mpango huo bila utani. Ndani ya viwanja kuna meza za kugawa mikanda ya mkononi: kijani kwa waliofikia miaka 12, bluu kwa 16, nyekundu kwa 18. Mabanda ya magemu ya 18 yamezungushiwa kuta ili asiyeruhusiwa asione hata skrini, na bila mkanda mwekundu hupiti, hata uwe na mvi. Kupata mkanda unaonyesha kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Picha ya pasipoti kwenye simu usiitegemee. Beba pasipoti yenyewe kwenye mfuko wa ndani ya nguo, na uache nakala hotelini.

Kosa la kila mwaka ni mtu kukimbilia foleni ya gemu kubwa, kusimama saa mbili, kisha kurudishwa mbele ya mlango kwa sababu hana mkanda. Chukua mkanda kwanza.

Mifuko hukaguliwa, na begi kubwa hukuchelewesha au kukuzuia kabisa. Begi dogo linatosha: chupa ya maji, chakula, pawabenki, vizibo vya masikio, fulana moja ya kubadilisha, kalamu nene kwa ajili ya saini. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, hivyo iko chini ya kikomo cha Wh 100 cha kwenye ndege, ila iwe kwenye mzigo wa mkononi. Na adapta! Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za Ujerumani. Nunua Kariakoo au River Road kabla ya kuondoka, maana uwanja wa ndege watakuuzia mara nne.

Wanaovaa kosplei, yaani mavazi ya wahusika wa magemu, wasome kanuni za silaha za mwaka husika kabla ya kukata povu. Chuma na bunduki inayofanana na ya kweli haviingii. Upanga wa povu wenye rangi ya kuonekana bandia kwa kawaida hupita. Jenga silaha ya vipande vya kuunganisha, kwa sababu ya treni na begi la ndege.

Hesabu ya foleni

Kumbi za 6 hadi 9 ndizo za kampuni kubwa. Ukumbi wa 5 una maduka. Ukumbi wa 10 una studio ndogo na magemu ya zamani. Kumbi za 2 hadi 4 ni za biashara, tiketi yako haifiki huko.

Foleni ya gemu linalosubiriwa na dunia inaweza kuchukua saa tatu au nne kwa demo, yaani kipande cha kujaribu, ya dakika 20. Usikadirie kwa macho, piga hesabu. Muulize mhudumu kuna mashine ngapi na demo ni dakika ngapi, kisha ongeza dakika tano za kubadilishana watu. Mashine 40 zenye demo ya dakika 20 zinabeba watu 96 kwa saa. Kama mbele yako kuna watu 300, ni saa tatu na ushee. Mashine zikiwa 12 tu, watu haohao 300 ni zaidi ya saa kumi, yaani hufiki, na mhudumu mkweli atakuambia.

Mabanda mengi hufunga foleni ikijaa. Hapo kuna bango, na watu wanaozurura karibu wakijifanya hawapo kwenye foleni. Usijiunge nao, huondolewa. Baadhi ya mabanda hutumia miadi ya programu ya simu, kwa hiyo pakua programu rasmi ya maonyesho na ufuate kurasa za kampuni unazozipenda siku mbili kabla.

Mpango unaofanya kazi ni huu: foleni kubwa moja kwa siku, na iwe ya kwanza kabisa lango likifunguliwa. Watu wengi huingilia lango la Kusini kwa kuwa liko karibu na stesheni. Angalia ramani, na kama gemu lako liko upande wa kaskazini, zunguka uingilie huko. Foleni kubwa ya pili, kama lazima, iwe saa mbili za mwisho, wakati wenye watoto na wenye treni za mbali wameondoka. Katikati ya siku usisimame popote kwa zaidi ya dakika 40.

Lingine la kuangalia usiku wa kabla: je, demo hiyo iko Steam, duka la magemu la mtandaoni? Magemu mengi, hasa ya studio ndogo, hutoa demo ileile kwa umma wiki hiyohiyo. Saa tatu za foleni kwa kitu unachoweza kupakua ukiwa Kisumu ni hasara. Foleni ni kwa kile kisichopatikana kwingine.

Fulana na zawadi zinazorushwa jukwaani waachie wenyewe. Watu hukanyagana, na fulana ni saizi moja.

Kuongea na waliotengeneza

Hapa ndipo safari inapolipa, na ndipo wengi hawafiki kwa kuwa muda wao wote umeishia ukumbi wa 6. Kwenye mabanda makubwa wanaokuhudumia ni vijana walioajiriwa kwa wiki hiyo. Wanajua vitufe, hawajui gemu limetengenezwaje. Kwenye studio ndogo za ukumbi wa 10, aliyesimama pembeni ya skrini mara nyingi ndiye aliyeandika msimbo wa gemu au kulichora.

Cheza kwanza, hata dakika tano. Kisha uliza swali ambalo lina jibu: "Sehemu ya daraja, mlitaka mchezaji aanguke mara ya kwanza?" Swali la namna hiyo humfanya mtu aweke chupa ya maji chini. "Gemu litatoka lini?" ameulizwa mara 200 leo. Ukikuta hitilafu, mweleze ulichobonyeza, kwa mpangilio, na kilichotokea. Usianze kwa kuomba msimbo wa kupata gemu bure. Ukipenda gemu, fungua Steam hapohapo mbele yake uliweke kwenye orodha ya unayoyataka. Kwa studio ndogo hiyo ni msaada wa kweli, kwa sababu wingi wa orodha hizo huwasaidia kuonekana siku ya kutoka.

Wazo lako la gemu usiliwasilishe bandani. Makampuni hukataa kusikiliza mawazo ya watu wa nje kwa hofu ya kesi za baadaye, na mhudumu atakukatiza si kwa ubaya. Usirekodi skrini yenye alama ya kuzuia picha. Mtu wa kosplei naye huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha, na haguswi.

Na omba Kiswahili. Usiombe kwa huruma, omba kwa ufundi. Tales of Kenzera: ZAU, gemu la studio ya Abubakar Salim, lilitoka 2024 likiwa na sauti za Kiswahili, kwa hiyo mfano upo na si ndoto. Msanidi akikuuliza ugumu uko wapi, uwe na majibu. La kwanza ni ngeli. Gemu nyingi huunganisha sentensi vipande: "Umepata" kisha jina la kitu kisha "mpya". Kwetu ni kisu kipya, jiwe jipya, mishale mipya, viatu vipya, na kompyuta haijui. Dawa ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, au kuikwepa ngeli kwa nukta mbili: "Umepata: kisu". La pili ni urefu. Neno kama "mipangilio" hufurika nje ya kitufe kilichopimwa kwa lugha fupi. La tatu ni ile alama ya juu ya ng'ombe na ng'ambo. Msimbo usioandaliwa huichukulia kuwa mwisho wa maneno, na ng'ombe wako anabaki "ng". Dakika mbili za maelezo kama haya msanidi atayakumbuka kuliko ombi la "wekeni lugha yetu".

Kukutana na wenzako

Makundi ya magemu ya Discord, programu ya gumzo, hupanga mikutano wiki hiyo, mengine rasmi, mengine ya watu wenyewe kwenye nyasi za nje. Jisajili mapema kwa yale ya kampuni, maana nafasi hujaa. Mchana mtandao wa simu ndani ya kumbi huwa mzito au hufa kabisa, kwa hiyo "nikifika nitakutext" si mpango. Wekeni mahali na saa kabla ya kuingia, na saa ya pili ya akiba kwa atakayekosa.

Kuhusu saa, andika kwa tarakimu za saa 24. Ukimwambia Mtanzania mwenzako saa kumi, atakuja 16:00. Binamu yake aliyezaliwa Stuttgart atakuja 10:00 asubuhi. Na Mjerumani akisema "halb elf" ni 10:30, nusu kuelekea kumi na moja, si 11:30.

Tumbo, swala na kurudi

Chakula cha ndani ni ghali na foleni yake ndefu. Nunua mkate na matunda jioni ya kabla, na ukumbuke Jumapili maduka makubwa Ujerumani hufungwa, isipokuwa yale ya kwenye stesheni kubwa. Maji ya bomba yananyweka. Chupa nyingi za plastiki na makopo yana amana ya senti 25, irudishe dukani.

Anayetafuta chakula cha halali apande tramu namba 4 kutoka kituo cha Koelnmesse hadi Keupstraße, mtaa wa Waturuki wenye migahawa mlango kwa mlango. Kwa Ijumaa, tramu 3 na 4 upande wa pili zinakwenda Ehrenfeld, kulipo Msikiti Mkuu wa Köln. Kwenda, kuswali na kurudi hukata sehemu nzuri ya mchana, na kwa bahati ndio muda ambao foleni hazifai.

Mafua baada ya gamescom ni kitu cha kawaida kiasi kwamba yana utani wake. Vidhibiti vya kuchezea hushikwa na maelfu ya mikono: nawa kabla ya kula.

Ukinunua bidhaa za zaidi ya yuro 50 kwenye duka moja, na unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, unaweza kurudishiwa kodi kama duka hilo linatoa fomu. Iombe fomu wakati wa kulipa, si baadaye. Uwanja wa ndege pitia forodha kabla ya kukabidhi begi, kwa sababu afisa ana haki ya kuona bidhaa yenyewe ndiyo agonge muhuri, na begi likishaingia kwenye mkanda wa mizigo fomu yako ni karatasi tu.